Mgongo kwa Wenzako, Uso kwa Ziwa

Asubuhi niliyoondoka Kalinzi sikuwa na mpango wowote. Shule nilikuwa nimeshaiacha, na sababu haikuwa ada wala ugonjwa. Nilimuuliza mwalimu lori la kahawa likitoka pale kwetu linaishia wapi, akasema Kigoma. Nikamuuliza, na baada ya Kigoma? Akaniambia nikae chini. Nilikaa, lakini sikukaa sana. Asubuhi moja nikashika njia ya miguu inayoteremka ziwani, mfukoni nina viazi vya kuchemsha, na jibu la swali lile sijalipata hadi leo, maana kila nilipofika palikuwa na mbele yake.

Nawaandikia ninyi mliobaki kazini, na nawaandikia kwa sababu mmeniudhi. Siku ya kuniaga mlinivisha kitenge, mkanilisha pilau, na kila aliyesimama alisema Mzee Yeremia ni msemaji hodari, hana mfano. Mmoja wenu akapaza sauti, "Mzee unaua!" Miaka yote ile ya kusimama mbele za watu, halafu siku ya mwisho hakuna hata mmoja aliyeniambia jambo moja ninaloweza kulifanyia kazi. Nilirudi nyumbani na saa ya ukutani na hasira.

Basi sikilizeni.

Kabla ya kazi hii nilibeba magunia Kibirizi, nikawa baharia wa maboti ya mizigo, nikalala Kalemie, nikalala Mpulungu, nikajifunza Kiswahili cha Kongo na Kirundi cha sokoni. Mradi wa kuhifadhi samaki ulinichukua ili nibebe spika, si vinginevyo. Siku moja tulipigwa na mawimbi makali, na mtaalamu aliyepaswa kuzungumza akafika ufukweni amejikunja, anatapika. Aliyekuwa mzima ni mimi. Wakanipa kipaza sauti. Sikuwahi kukirudisha.

Kazi yenyewe mnaijua. Akina mama wa pwani ya ziwa huanika dagaa mchangani. Mchanga unaingia, mbuzi wanapita, mvua ikinyesha ghafla mzigo wote unakuwa uji. Sisi tulikuwa tunawaomba waanike juu ya vichanja: miti minne, fito, wavu umetandazwa juu, upepo unapita chini. Ni jambo jepesi la kueleza, na mimi nilitumia miaka kulifanya gumu.

Tulikuwa watatu. Mwajuma wa Ujiji alifundisha usafi wa samaki. Nyumbani alikuwa kiongozi wa kikundi cha akina mama wanaoimba harusini, na ulimi wake ungeweza kupaa samaki bila kisu. Filimoni wa Simbo alikuwa fundi wa vichanja. Huyo alizungumza kama mtu anayelipia maneno. Wa tatu mimi, mwenye spika.

Kuhusu spika, neno moja kabla sijasahau. Ikilia kama nguruwe msiigonge, isogezeni mbali na kipaza sauti. Nimewaambia, nimewaambia tena, na bado mnaigonga.

Kulikuwa na kijiji kaskazini, jina lake naliacha. Nilifika nikiwa nimejiandaa vizuri, kwa maoni yangu. Nikaanza na dagaa, nikapita kwenye mchanga, nikafika kwenye vichanja vya Mpulungu, na kutoka Mpulungu nikaingia kwenye hadithi ya mamba. Hadithi hiyo niliipenda mno. Mama mmoja karibu na mdomo wa mto alianika dagaa mchangani, mamba akatoka majini akajilaza juu yao. Mama akaja na kikapu, macho yakiwa kwenye soga, akadhani ni gogo, akatua kikapu juu ya mgongo wa mamba. Nilikuwa naigiza yote: mama, kikapu, gogo linalofumbua jicho. Watu walicheka hadi wakashikana mabega. Nikauliza, "Tumeelewana?" Wakaitikia kwa sauti moja, "Ndiyooo!" Wakapiga makofi.

Mama mmoja akasimama, jina lake Edina, mwenyekiti wa waanikaji wa pale. Akasema yeye atakuwa wa kwanza. Filimoni akamjengea kichanja wiki ile ile, kirefu, kizuri. Katika boti, tukirudi, nikawauliza wenzangu nimeongeaje.

"Umeongea vizuri, kaka," alisema Mwajuma.

"Vizuri," alisema Filimoni.

Hapo ndipo ugonjwa ulipo, na ndio huo huo mlionao ninyi. Pwani yetu watu wana adabu. Mgeni akisema, anaitikiwa. Ukiuliza kama wameelewa, watasema wameelewa, hata ungekuwa umewasomea bei ya sabuni. Makofi si ushahidi wa kitu chochote. Na wenzako kazini nao ni watu wa pwani hiyo hiyo: uso kwa uso hawatakwambia, kwa kuwa uso una heshima yake.

Tuliporudi kijijini pale, Edina hakuja kutupokea. Tulimkuta ufukweni anakwangua wavu wa kichanja kwa kipande cha bati. Nikamsalimu kwa Kiha, kwa furaha, "Mama Edina! Mwakeye!" Akaendelea kukwangua.

"Kichanja kinaendeleaje?" nikauliza.

"Nusa," akasema.

Harufu ilikuwa imeshatufikia, ila tulikuwa tunafanya adabu. Edina alikuwa amemwaga mzigo mzima juu ya kichanja, amewarundika kama mtu anayemimina mahindi. Wa juu wakakauka, wa chini wakaoza. Na hakuwa amemwaga wake tu. Wenzake watatu walimpa na dagaa wao, kwa kuwa mwenyekiti amesema.

"Lakini dagaa hutandazwa mmoja mmoja," nikamwambia. "Na adhuhuri unawageuza."

"Ulisema lini?"

Nikawageukia wenzangu. Mwajuma akaangalia ziwa. Filimoni akaangalia misumari yake.

"Mamba nilimsikia," alisema Edina. "Watoto wa kijiji hiki wote wanaigiza yule mamba. Wananipitia hapa, mmoja anatua kikapu juu ya mwenzake, wanacheka. Mimi nawauliza, alisema tuwatandaze vipi? Hakuna anayejua. Wewe baba, mbalamwezi hii boti zikipumzika kuvua, akina mama wanakaa kikao. Wanataka miti ya kichanja iwe kuni. Na mwenyekiti wanataka mwingine. Nimeweka miaka kumi na zaidi kwenye mchanga huu hadi wakaniamini, wewe umekuja na mamba wako asubuhi moja."

Nilimwambia nitakuja kwenye kikao nieleze upya. Akanitazama kama mtu anayetazama mvua.

Tulisogea mbali kidogo, penye mawe, tule. Nilikuwa nimekasirika, na ninyi mnaonijua mnajua nikikasirika naongea. Nilimlaumu mtaalamu ambaye hakuniandalia maneno. Nililaumu jua. Mwajuma akamaliza kwanza samaki wake wa migebuka, akanawa mikono ziwani, akasema:

"Yeremia, kaa pale. Hapana, geuka. Tupe mgongo. Uso kwenye maji."

"Wa nini?"

"Kwenye kikundi chetu Ujiji, aliyeimba leo, kesho anakaa anatazama ukuta. Sisi tunasema nyuma yake. Tunaheshimu uso wake, tunauambia mgongo. Na mgongo haujibu. Ukijibu, tunaanza upya."

Nilidhani ni mzaha. Nikakaa. Ziwa lilikuwa limetulia, milima ya Kongo inaonekana kama moshi. Mwajuma akaanza.

"Umeuliza 'tumeelewana' mpaka mbuzi akaitikia. Ukiuliza, husubiri. Unajibu mwenyewe, unaenda zako. Mchanga umeutaja kama mtu anayetaja jina la mchumba, lakini hakuna aliyeuona mchanga. Kipaza sauti unakishika mdomoni, kwa hiyo wa mbele wanaumia masikio na wa nyuma wanasikia bubububu. Na yule mamba anakula hotuba yako. Anaanza na mkia, anamaliza na kichwa, dagaa hawapati nafasi."

"Watu walimpenda yule ma—"

"Tunaanza upya," alisema Mwajuma, na akasema yote tena, neno kwa neno, na mbuzi wake ndani.

Kisha nikamsikia anakaa chini. Nikajua ni zamu ya Filimoni, na nikatulia, maana Filimoni ni mpole.

"Wale uliokuwa unawahutubia," alisema Filimoni, "hawaaniki dagaa."

Nikageuka mzima mzima. "Unasema nini wewe?"

"Geuka! Ziwa liko huko!" alifoka Mwajuma.

Filimoni akaeleza, polepole, kana kwamba anapima mbao. Sisi hufika saa nne asubuhi. Saa nne asubuhi waanikaji wapo juani wanageuza samaki na kufukuza kunguru. Wanaokuja kwenye spika ni wavuvi walioamka na njaa, wazee, wanaosubiri boti, na watoto. Edina mwenyewe alisikia nusu, kwa kuwa alikuwa anakimbia huku na huku. Filimoni aliliona hilo tangu vijiji vya mwanzo kabisa.

"Mbona hukusema?"

"Hukuwahi kunipa mgongo."

Sikuzungumza nao hadi Kibirizi. Nilikaa mbele ya boti, nikiwa bado nimewageuzia mgongo, lakini sasa kwa hasira. Ilinichukua safari nzima kukubali kwamba kilichoniuma si kwamba walikuwa wamekosea.

Siku chache kabla ya kikao tulirudi alasiri, samaki wakiwa wamekwisha kuanuliwa. Nilikuwa na hotuba mpya, fupi, na beseni. Beseni lilitokana na Mwajuma na mchanga wake usioonekana: unachukua konzi ya dagaa wa mchangani, unawatia kwenye maji safi, unawakoroga, unawatoa, unawaacha watu waangalie kilichotuama chini. Halafu wa kichanjani. Husemi kitu. Tangu siku hiyo sikuwahi kwenda popote bila beseni jeupe, na ninyi mnaenda na projekta. Juani! Nimewaona mkiwaonyesha watu ukuta mweupe na kusema "kama mnavyoona hapa."

Nikamwonyesha Edina hotuba yangu. Akasikiliza, kisha akauliza kama ni kweli sisi watatu huwa tunageuziana migongo, maana Mwajuma alishamsimulia. Nikasema ni kweli.

"Basi geuka na mimi nikwambie."

Nikageuka. Nilitegemea asante kidogo kwa ajili ya beseni.

"Unapenda sauti yako," alisema Edina. "Hilo la kwanza. La pili, anayechekwa kijijini hapa ni mimi, siyo wewe. Ukiongea wewe, watacheka, watapiga makofi, utapanda boti. Miti itakuwa kuni kesho yake. Nitaongea mimi."

Mwajuma alisema, "Haya, mgongo umesikia."

Edina hakuwa msemaji. Tulipomfanyisha mazoezi pale kwenye mawe, alianza kwa kuomba radhi, akaendelea kuomba radhi, akamaliza kwa kuomba radhi, huku akilitazama beseni. Tukamwambia ageuke. Filimoni akamwambia ainue mikono yake ionekane, kwa kuwa mikono yake ndiyo inayojua kutandaza. Mwajuma akamwambia aombe radhi mara moja tu, mwanzoni, kwa sauti, kisha asirudie. Mimi nikamwambia asimtaje mamba.

Hapo alivunja sheria. Aligeuka akaniangalia.

"Mamba niachie mimi," alisema.

"Atakula hotuba."

"Kwako alikula. Na siku ya kikao, wewe kakae kwenye boti. Wakikuona watamkumbuka wa kwako."

Ninawaandikia jambo hili nikiwa bado na uchungu nalo. Nilikuwa nimefanya kazi ile miaka kadhaa. Nilikuwa na beseni. Siku ya kikao nilikaa kwenye boti, mita za kutosha kutoka ufukweni, pamoja na mwenye injini aliyekuwa amelala. Upepo ulikuwa unavuma kuelekea kwao. Niliona tu. Akina mama wamekaa mchangani, kanga nyingi, Edina amesimama mbele ya kichanja. Aliinamisha kichwa mara moja, nikajua ndiyo ile radhi. Mmoja akasimama akamnyooshea kidole, akaongea kirefu. Edina alimsubiri. Kisha akafanya jambo kwa mikono, ikawa kama anamimina kitu, na wote wakacheka, na mimi nikafumba macho. Nilipofumbua hakuna aliyekuwa anacheka. Walikuwa wamesogea, wameinamia beseni. Yule aliyenyoosha kidole alikuwa ameingiza mkono ndani ya maji, anapapasa chini.

Mwajuma alipopanda botini nilimdaka. "Imekuwaje?"

"Wamempa mwezi mmoja. Kichanja kinabaki, na yeye anabaki. Dagaa wakioza tena, kuni."

"Alisemaje lakini? Pale walipocheka, alisema nini?"

"Ameongea vizuri," alisema Mwajuma.

"Mwajuma!"

"Mgongo wa Edina ni wa Edina. Tumemwambia yeye. Weye ulikuwa botini."

Nikamgeukia Filimoni. Filimoni alikuwa anaokota misumari.

Dagaa hawakuoza mwezi ule, wala uliofuata. Tulipopita tena vichanja vilikuwa vitatu, na Filimoni hakuwa amejenga hata kimoja kati ya viwili vipya. Alivikagua, akalalamika kuhusu fundo moja tu. Nilimuuliza Edina mwenyewe alisema nini siku ile. Akasema ana kazi, nisimsimamie kwenye jua lake.

Miaka iliyobaki tuliendelea na ule utaratibu wa migongo, kila kijiji, hadi Mwajuma akarudi Ujiji kulea wajukuu na Filimoni akaenda kulima Simbo. Sitadai kwamba nilizoea. Nilijifunza kuuliza swali na kusubiri hadi kimya kiume. Nilijifunza kwenda alasiri. Nilijifunza kwamba anayekwambia umekosea kitu kimoja amekusikiliza, na anayekusifia kila kitu alikuwa anafikiria chakula.

Kisha mkaja ninyi. Nilipowaambia mnipe migongo, mlidhani ni mambo ya kizamani. Mkatengeneza karatasi yenye visanduku vya kuweka alama ya vema, na kila mmoja akamwekea mwenzake vema kila mahali, kisha mkapigana picha. Binti mmoja kati yenu anaongea akiangalia miguu yake. Yupo anayeuliza "tuko pamoja?" kama nilivyokuwa nauliza mimi, na mbuzi wanamwitikia. Niliwaambia, lakini niliwaambia peke yangu, mzee anayenung'unika, na mrejesho wa mzee mmoja ni kelele. Unapaswa kutoka kwa wenzako mnaobeba nao spika.

Baada ya sherehe yenu niliitazama ile saa ya ukutani siku mbili, nikaichoka. Asubuhi moja nikatoka Bangwe ninakoishi, bila mpango, nikapanda boti ya kwenda kusini. Sikuuliza inaishia wapi. Nilishuka kwenye kijiji ambacho mradi wetu haukuwahi kufika, kwa sababu tu niliona ufukwe wake ni mweupe na sikuujua.

Jua lilikuwa limeanza kushuka. Niliuliza chumba, nikaelekezwa kwa mama mmoja mwenye nyumba ya bati karibu na maji. Alikuwa anaanua dagaa. Anawaanua kutoka kwenye kichanja. Nikasimama.

"Shikamoo mzee. Chumba kipo, kitanda na chandarua, choo nyuma," alisema bila kusimamisha mikono. "Karibu. Mbona unaangalia samaki wangu hivyo? Huko kwenu mnaanika chini?"

"Hiki kichanja ulifundishwa na nani?"

"Wifi yangu aliolewa kaskazini, akaja nacho. Huko wana hadithi yake. Huijui? Mama mmoja alianika mchangani, mamba akaja akajilaza juu ya dagaa wake, mama akadhani ni gogo, akatua kikapu juu yake."

Mdomo ukaanza kunifunguka. Nilitaka kumwambia kwamba mama yule alikuwa na macho kwenye soga, na jicho la mamba linafumbuka polepole, wala si hivyo anavyoharakisha.

"Basi mama akajenga kichanja," aliendelea, "mamba hawezi kupanda. Lakini alikuwa na haraka, akawamimina rundo, hivi." Akafanya kwa mikono, kama anayemimina mahindi. "Wa chini wakaoza, wakadondoka kwenye matundu. Na mamba yupo pale chini, amelala, amefungua mdomo tu. Hata kujisumbua hajisumbui. Ndiyo maana huku ukimwona mwenzako anarundika, unamwambia: we, unamlisha mamba."

Hadithi ile sikuwahi kuimaliza hivyo. Miaka yote niliyoisimulia, mamba alifumbua jicho, watu wakacheka, na mimi nikaondoka.

Niliweka mfuko wangu chini, nikakaa kwenye gogo lililokuwa mlangoni, nikageukia ziwa.

"Mzee, mbona unanipa mgongo? Nimekuudhi?"

"Hapana, mama," nikamwambia. "Isimulie tena. Tangu mwanzo."